Mizani Mbili, Majibu Mawili: Namna ya Kujua Tofauti ya Uzito Inatoka Wapi

Umepanda mizani moja ikakuonyesha 71.4, ukapanda ya pili ikakuonyesha 73.0. Kabla hujauliza ipi mbovu, jua kwamba pengo hilo la kilo 1.6 linaweza kuwa na mafungu matatu: mwili uliobadilika kati ya vipimo viwili, mahali na namna mizani ilivyowekwa, na mizani yenyewe. Yashughulikie kwa mpangilio huo. Fungu la kwanza mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote na halihitaji kifaa chochote kuligundua. Fungu la tatu ndilo pekee linalostahili kukutoa pesa mfukoni.

Kwanza uondoe mwili kwenye hesabu

Lita moja ya maji ni kilo moja, na mizani haijui kama maji hayo yako kwenye chupa au tumboni. Glasi ya mililita 300 inaongeza gramu 300 papo hapo. Haja ndogo moja inapunguza kati ya gramu 200 na 500. Usiku mmoja wa usingizi, kwa pumzi na jasho tu, unaweza kuondoa nusu kilo. Suruali ya jinzi, mkanda, viatu na simu vikijumlishwa hukaribia kilo 2. Mlo kamili pamoja na kinywaji huongeza kilo moja bila shida.

Kuna pia mabadiliko ya polepole kidogo. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Mtu aliyekula wanga kidogo kwa siku kadhaa kisha akarudia mlo wake wa kawaida anaweza kupanda zaidi ya kilo moja kwa siku moja au mbili. Chumvi nyingi huzuia maji mwilini; siku zinazokaribia hedhi nazo hufanya hivyo. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo ongezeko la kilo moja kati ya asubuhi na jioni si mafuta, hata kama umekula vibaya kiasi gani.

Basi kulinganisha uzito wa nyumbani wa saa 12 asubuhi, bila nguo na kabla ya chai, na uzito wa kliniki wa saa 9 alasiri ukiwa na viatu, si kulinganisha mizani. Ulinganisho wa kweli unataka haya:

1. Mizani zote mbili zipandwe ndani ya dakika 10.
2. Nguo zile zile, mifuko mitupu, miguu mitupu kwenye zote mbili.
3. Katikati usile, usinywe, usiende chooni.
4. Panda A, kisha B, kisha A tena. Ikiwa majibu mawili ya A hayalingani, A haijatulia, na lolote utakalosema kuhusu B halina msingi.

Mizani zikiwa mbalimbali, na mojawapo haihamishiki, usiutumie mwili. Tumia mzigo usiotoka jasho: begi lililofungwa lenye vitu vizito vya kilo 20 hivi. Usitumie mzigo mdogo. Mizani nyingi za betri za kupimia watu hazijiwashi au hazitoi jibu chini ya kilo kadhaa, na hata zikitoa, jibu la mzigo mwepesi halikuambii zitafanyaje kwenye kilo 70.

Kila aina ya mizani hukosea kwa njia yake

Mizani ya mshale ya nyumbani ina nyenzo ndani yake zinazokusanya mzigo kutoka pembe zote na kuupeleka kwenye springi moja. Springi ikivutika, meno madogo huzungusha sahani yenye namba. Maadui zake ni kutu, mchanga, msuguano na springi iliyochoka.

Mizani ya betri haina springi ya namna hiyo. Kila mguu wake una kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kisichoonekana kwa jicho, na juu yake kimebandikwa kipimio chembamba ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kinapovutwa. Miguu minne inaunganishwa kwenye saketi moja na jibu lake hugeuzwa kuwa namba. Maadui zake ni sakafu isiyo sawa, sifuri iliyochukuliwa vibaya, unyevu, mabadiliko ya joto na betri inayokwisha.

Mizani ya nguzo yenye vizito vya kuteleza, ile inayoonekana sana kwenye vituo vya afya, inalinganisha mzigo na vizito vyake yenyewe. Hii ndiyo pekee kati ya tatu isiyojali nguvu ya uvutano ya mahali ilipo, kwa sababu uvutano ukipungua, unapungua pande zote mbili sawasawa. Hizo nyingine mbili zinapima nguvu ya kukandamiza, kisha zinaibadilisha kuwa kilo kwa kudhani uvutano fulani. Uvutano katika ikweta ni takriban 9.780 m/s², kwenye ncha za dunia ni 9.832, na katika latitudo ya nyuzi 50 ni kama 9.811. Mizani iliyorekebishwa nyuzi 50 kisha ikatumiwa ikweta itamwonyesha mtu wa kilo 70 pungufu ya gramu 220 hivi, na haitakuwa mbovu hata kidogo. Mwinuko kutoka usawa wa bahari una athari ndogo zaidi: mita 1,500 ni suala la gramu 20 hadi 30, usiuhangaikie.

Sakafu

Hapa ndipo mizani nyingi nzuri huonekana mbovu. Ukiweka mizani ya betri kwenye zulia nene, miguu huzama na tumbo la mizani hugusa zulia. Sehemu ya uzito wako inapita hapo badala ya kupita kwenye miguu yenye vipimio, na jibu linapungua. Mizani ya mshale yenye kitako chembamba cha bati hufanya visa vingine: kwenye sakafu ngumu kitako kinapinda kidogo kwa namna iliyotarajiwa na kiwanda, kwenye zulia kinashikiliwa kote, nyenzo za ndani zinabadilisha pembe na kosa linaweza kufika kilo kadhaa, kwenda juu au chini kutegemea muundo. Kwa hiyo usijifundishe kutoa "kilo moja ya zulia". Ondoa zulia.

Utaratibu wa kuweka mizani ni huu:

Chagua sakafu ya saruji, marumaru au mbao ngumu isiyobonyea. Hakikisha hakuna mguu uliokaa juu ya mfereji kati ya kigae na kigae. Kandamiza pembe mbili za mkabala, kisha mbili nyingine. Mizani isitikisike hata kidogo. Halafu jaribu kuvuta karatasi moja nyembamba kutoka chini ya kila mguu. Karatasi inayotoka kirahisi inakuambia mguu huo haubebi sehemu yake.

Weka pimamaji juu ya mizani, kwa urefu kisha kwa upana. Mteremko unaonyesha pungufu daima, kwa sababu ni sehemu tu ya uzito wako inayokandamiza wima kwenye mizani. Nyuzi 5 za mteremko, ambazo jicho linaweza kuzipuuza kwenye sakafu ya bafu inayoelekezwa kwenye shimo la maji, zinaondoa takriban asilimia 0.4: gramu 270 hivi kwa mtu wa kilo 70.

Ikiwa chumba kizima kina zulia, weka ubao wa plaiwudi wenye unene wa milimita 18 au zaidi, mpana kuliko mizani kwa pande zote, na uuache hapo. Ni suluhisho la pili kwa ubora. La kwanza ni chumba kingine.

Ukipata sehemu nzuri, chora alama ya chaki au bandika utepe kwenye pembe, mizani irudi pale pale kila siku.

Sifuri

Mizani ya betri inakumbuka sifuri ya mara ya mwisho ilipojiweka sawa. Ukiisimamisha ukutani, ukiibeba kwa mguu mmoja au ukiihamishia chumba kingine, sifuri hiyo haifai tena. Modeli nyingi za siku hizi hujiwasha unapopanda na kutumia sifuri iliyohifadhiwa, ndiyo maana kipimo cha kwanza baada ya kuhamisha mizani hukosea kwa nusu kilo au zaidi kisha cha pili kinakuwa sahihi. Dawa: iweke mahali pake, ikanyage kidogo kwa mguu mmoja iwake, ondoa mguu, ngoja ionyeshe 0.0 na ijizime. Baada ya hapo ndipo upande. Ikitoka kwenye baridi kwenda chumba cha joto, au kinyume chake, iache ipumzike angalau nusu saa kwanza.

Mizani ya mshale ina gurudumu dogo, kwa kawaida pembeni au chini. Lizungushe mpaka mshale ukae juu ya 0, kisha panda, shuka, uangalie tena. Ukishuka na mshale ukabaki kwenye 0.5, tatizo si gurudumu. Kuna msuguano au kutu ndani, na kila unaporekebisha utakuwa unaficha ugonjwa.

Kwa mizani ya nguzo, rudisha vizito vyote viwili kwenye 0. Ncha ya mkono itulie katikati ya dirisha lake bila kugusa juu wala chini. Isipotulia, kuna skrubu yenye kizito kidogo upande wa pili wa mkono, izungushe taratibu. Kosa linalotokea sana hapa ni kizito kikubwa kutokaa ndani ya pengo lake. Kikining'inia nusu milimita nje ya pengo, jibu lote halifai.

Angalia pia kitufe cha vipimo nyuma ya mizani ya betri. Kikihamia kwenye pauni, kilo 70 itasomeka 154.3, hilo utaligundua. Kikihamia kwenye stoni, kipimo cha Waingereza, itasomeka 11 na kitu, nalo utaligundua. Ila mtoto wa kilo 32 atasomeka 70.5 kwa pauni, na hapo mtu anaweza kudhani mizani imechanganyikiwa.

Kusimama

Miguu miwili sambamba, uzito umegawanyika sawa, mikono imening'inia, macho mbele. Usishike ukuta wala sinki. Kidole kimoja kinachoegemea kinatosha kuondoa nusu kilo. Usiiname kusoma namba. Kwenye mizani ya mshale mwenye kusoma awe mtu mwingine aliye wima juu ya mshale, kwa kuwa ukiutazama kwa pembeni unaona mstari wa jirani. Ya betri huchukua wastani wa sekunde chache kisha hufunga jibu. Ukitikisika inachelewa au inafunga mapema kwenye namba isiyo yako.

Majaribio manne ya mizani yenyewe

Ikiwa umefanya yote hayo na pengo bado lipo, sasa ipimwe mizani.

*Kurudia jibu.* Panda mara 5, ukishuka kabisa kila mara na kungoja ijizime. Tofauti kati ya jibu kubwa na dogo isizidi gramu 200 kwa mizani inayoonyesha hatua za gramu 100. Lakini kuna mtego. Mizani nyingi za betri za nyumbani zimepangwa zikumbuke jibu la mwisho: uzito mpya ukiwa karibu na wa zamani, kwa tofauti ya gramu mia mbili au mia tatu hivi, zinaonyesha tena namba ile ile ili mwenye mizani aone "haiyumbi". Kuifichua, panda mikono mitupu, soma. Kisha panda umeshika chupa yenye maji mililita 250, soma. Ikionyesha namba isiyobadilika hata kwa gramu 100, ina kumbukumbu. Kuanzia hapo, kati ya kipimo na kipimo, weka mzigo tofauti kabisa, mathalani wewe umeshika kilo 5, ili kumbukumbu ifutike. Ulinganisho wa mizani mbili usiozingatia jambo hili hauna thamani. Huenda mizani moja inakusomea uzito wa jana.

*Pembe.* Weka mzigo wa kilo 20 katikati, kisha karibu na kila pembe, ukiandika majibu matano. Pembe moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya gramu 200, mguu wa pembe hiyo umepinda, umelegea au una uchafu. Hii inaeleza kwa nini watu wawili hupata "makosa" tofauti kwenye mizani moja: kila mtu husimama kwa namna yake.

*Mzigo unaojulikana.* Mawe ya mizani yaliyohakikiwa ndiyo bora. Mtu wa kawaida hana, kwa hiyo atumie maji, lakini asidanganywe na dumu. Dumu linaloitwa la lita 20 hujaa zaidi ya lita 20 likifika mdomoni, na lenyewe lina uzito wake. Pima maji kwa jagi lenye alama, ukisoma usawa wa macho, au bora zaidi lipime dumu lililojaa na kufungwa kwenye mizani ya biashara iliyo na stika ya uhakiki wa mwaka huu, uandike namba hiyo juu yake. Katika nyuzi 25 za sentigredi lita moja ina gramu 997, kwa hiyo lita 20 ni kilo 19.94, tofauti hiyo haionekani kwenye mizani ya watu. Vyuma vya kawaida vya mazoezi usiviamini kwa namba iliyochongwa. Vile vya bei nafuu hupotoka kwa asilimia kadhaa.

*Nyongeza.* Panda, soma. Panda umebeba mzigo wa kilo 10 uliohakikiwa, soma. Tofauti iwe 10.0, ikipotoka isizidi 0.2. Jaribio hili ndilo linalopima mizani pale unapoitumia, yaani kwenye kilo 70 na 80. Mizani inayosoma sawa kwenye kilo 20 inaweza kupotoka kwenye 80.

Sasa soma majibu. Tuseme kilo 20 imesomeka 20.9 na kilo 40 imesomeka 40.9. Kosa halikui na mzigo: ni sifuri, rudi kule juu. Tuseme badala yake umepata 20.4 na 40.8. Kosa linakua pamoja na mzigo, asilimia 2, na kwenye kilo 70 litakuwa kilo 1.4. Huyo ni springi iliyochoka, kipimio kilichohama au marekebisho ya kiwanda yasiyofaa. Ukiwa huna njia ya kuirekebisha, gawanya kila jibu kwa 1.02 na uendelee kuitumia. Majibu yanayoruka bila mpangilio, leo juu kesho chini, hayana hesabu ya kuyaokoa.

Hata mizani mbili nzuri hazilingani

Mapendekezo ya kimataifa ya mizani ya OIML (shirika la kimataifa la sheria za vipimo), waraka R 76, yanaruhusu mizani ya daraja la III (usahihi wa kati) yenye hatua za gramu 100 kukosea, wakati wa uhakiki wa kwanza, gramu 50 hadi kufikia kilo 50, na gramu 100 kuanzia hapo hadi kilo 200. Ikishaingia kazini, kosa linaloruhusiwa ni maradufu. Maana yake, kwa mtu wa kilo 70, mizani mbili zenye stika halali zinaweza kupishana gramu 400, moja ikiwa juu kwa 200 na nyingine chini kwa 200, na zote zikawa ndani ya sheria. Mizani ya nyumbani kwa kawaida haipiti hata uhakiki huo. Nukta moja ya desimali kwenye skrini ni uamuzi wa mtengenezaji kuhusu kuonyesha, haimaanishi kwamba namba hiyo ni ya kweli.

Uharibifu unaojirudia

Maji ya bafuni huingia chini ya miguu na kufanya namba itambae polepole bila mtu kupanda. Ikaushe siku mbili mahali penye hewa, bila kikausha nywele. Betri dhaifu huonyesha Lo kwa kawaida, lakini kabla ya hapo jibu linaweza kuyumba, kwa hiyo badilisha betri kabla ya kufanya majaribio yoyote, na kama ziko kadhaa zibadilishwe zote kwa pamoja. Mizani iliyoangushwa au kurukwa na mtoto huwa na mguu uliopinda. Jaribio la pembe litaikamata. Kuacha kapu la nguo juu ya mizani kwa wiki nzima huilegeza sifuri.

Zile zinazodai kupima mafuta ya mwili hupitisha mkondo mdogo wa umeme miguuni. Kazi hiyo haigusi jibu la uzito, ila mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizipande.

Mizani yenye lakiri ya mamlaka ya vipimo usiifungue wala usiingie kwenye mpangilio wake wa marekebisho. Lakiri ikivunjika, uhakiki umekwisha hata kama umeirekebisha vizuri.

Ipi uifuate

Inategemea kazi. Kwa kufuatilia kupungua au kuongezeka, mizani inayokosea kilo moja kila siku kwa uaminifu inafaa kuliko iliyo sahihi kwa wastani lakini inayoyumba, kwa sababu unachosoma ni badiliko. Tumia mizani moja, asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, na utazame wastani wa siku 7. Mgonjwa wa moyo aliyeagizwa ajipime kila siku atumie mizani hiyo hiyo moja bila kubadilisha. Kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni dalili ya maji kujaa inayotakiwa kuripotiwa, na kubadili mizani katikati kunaweza kuitengeneza dalili hiyo au kuificha.

Kwa dozi ya dawa inayohesabiwa kwa kilo, dawa ya usingizi au ukuaji wa mtoto, tumia mizani iliyohakikiwa, na namba ya nyumbani isitumike. Kumpima mtoto mchanga kwa kumbeba kisha kutoa uzito wa mbebaji huchanganya makosa ya vipimo viwili: kila kimoja kikikosea gramu 100, jibu linaweza kukosea gramu 200, ambazo kwa mtoto wa kilo 4 ni asilimia 5. Mizani ya watoto yenye hatua za gramu 10 ndiyo ya kazi hiyo.

Ukilazimika kubadilisha mizani, usiitupe ya zamani siku ile ile. Panda zote mbili kila asubuhi kwa siku 7, uandike tofauti, uchukue wastani wake. Kwenye chati chora mstari wa wima tarehe ya kuhamia na uandike pembeni "mizani mpya, +0.7" au kiasi ulichopata. Namba za zamani ziache zilivyo.